Atakayetazama Amsimulie Bibi

Juzi nilipeleka pasi yangu ya umeme kwa fundi mmoja pale Bunda. Kibanda chake kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo na feni zisizo na mapanga, na kwenye kona kulikuwa na tivii ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mrefu. Nilidhani hakuna mtu anayezihangaikia tena. Fundi alikuwa ameiwasha ili aijaribu, na nikiwa nimesimama nasubiri pasi, ikanifikia harufu ya vumbi linaloungua polepole ndani ya plastiki. Wenzangu wa rika langu mnaijua. Ilitokaga mgongoni mwa tivii ikishawaka kwa muda, na mtoto akienda kuchungulia watu wamekaa wapi huko nyuma, ndiyo iliyompokea. Fundi akaniuliza, "Dada, unaitaka hiyo?" Nikamwambia hapana, nasikia tu harufu yake. Akaniangalia kwa huruma, akarudi kwenye pasi yangu.

Tulikaa Mwisenge, Musoma. Baba alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, mikono yake haikuisha grisi hata siku ya kanisa. Mama alishona sare za shule kwenye kibaraza cha duka huko Mukendo. Baba ni Mjita wa Murangi, ziwani kabisa. Mama ametoka upande wa Bunda kwenye mashamba ya pamba, na kwao wanasema Kiikizu. Walikutana mjini, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, nyumba yetu ikawa ya Kiswahili. Mimi na mdogo wangu Bwire tulizaliwa humo. Kijita tulikijua kama lugha ambayo Baba alipokelea wageni na kugombana na wavuvi walioziacha injini bila oili.

Kisha Bibi akaja kukaa nasi. Alikuwa mama yake Baba. Babu alikuwa amefariki, na macho ya Bibi yalikuwa hayaoni tena yote mawili, kwa hiyo Baba alikwenda Murangi akamleta, yeye na kigoda chake na ungo wake. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununulia chumvi na kukatalia bei. Kilimtosha kwa chumvi, hakikumtosha kwa wajukuu. Alichoweza kutuambia tukaelewa ni utani. Bwire, aliyepewa jina la Babu, Bibi alimwita "mume wangu", na mimi nilikuwa "mke mwenza". Bwire alikuwa hajaanza shule na hakupenda hata kidogo kuwa mume wa mtu.

Tivii ilikuja karibu na majira hayo hayo. Tajiri mmoja mwenye mitumbwi alimpa Baba, labda kwa kushukuru injini, labda kwa sababu alishapata mpya. Mama aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, chenye maua pembeni, na tukaiheshimu kuliko kabati la vyombo. Antena ilisimama juu ya mti mrefu nyuma ya nyumba. Baba akiizungusha huko nje, sisi tulisimama mlangoni kupokezana habari.

"Imeshika?"

"Bado, Baba! Chenga tupu!"

Chenga ni ule weupeweupe wa kijivu unaotetemeka picha ikikataa kuja. Nautaja kwa sababu ndio ulionipotosha. Mama alikuwa na wimbo wake mmoja kuhusu tivii: "Sogeeni nyuma, mtaharibu macho! Nimewaambiaga mara ngapi?" Na mimi, nikikaa chini karibu na miguu ya Bibi, nilitazama juu nikaona macho yake. Katikati, mahali panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na weupeweupe wa kijivu. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Bibi aliwahi kutazama tivii mahali fulani, akaitazama kupita kiasi, na chenga zikamwingia machoni zikabaki. Nilimhurumia, lakini pia nilimshangaa, mtu mzima kama yule, kwa nini hakusogea nyuma.

Siku za mwanzo tulitazama tunavyotaka. Bibi alikaa kwenye kigoda chake ukutani, nyuma yetu. Tulipocheka, aliuliza jambo kwa Kijita. Hakuna aliyemjibu, maana sisi hatukuelewa na Mama pia hakuelewa. Tukicheka tena, aliuliza tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. Siku moja Baba alikuwepo. Aliinuka, akaizima tivii katikati ya kicheko chetu, akaifunika kitambaa.

"Kwenye nyumba hii," akasema, "samaki akiiva, kichwa kinawekwaga kwa nani?"

"Kwa Bibi."

"Kabla ya nani hajala?"

"Kabla ya wote."

"Sasa hii tivii, mbona mnakulaga peke yenu?"

Ndipo ikatangazwa sheria. Mtaonyeshwa kipindi kimoja, jioni, mkitoka shule. Kikiisha, tivii inafunikwa. Halafu kila aliyetazama aende akamsimulie Bibi alichokiona, kwa Kijita. Asiyesimulia leo, kesho hatazami. Nikauliza itakuwaje, Kijita sikijui. Baba akasema, "Utakijua tu. Njaa inafundishaga."

Nilipokuwa mkubwa nilielewa kwamba Baba alikuwa ameona kitu kilichomuuma. Mama yake alikuwa ndani ya nyumba yake, amelishwa na kuvishwa vizuri, na bado hana wa kuongea naye tangu asubuhi hadi yeye atoke kazini. Lakini wakati ule nililielewa jambo kwa akili yangu. Niliona kwamba sheria ile ni dawa. Ulichokitazama kinakaa machoni, na ukikitoa kwa mdomo macho yanabaki safi. Bibi hakupata wa kumsimulia enzi zake, ndiyo maana. Kwa hiyo nilisimulia kwa bidii ya mtu anayekunywa dawa, sikuacha hata tangazo la sabuni.

Kulikuwa na katuni ya kuku aliyevaa suruali. Namna ya kumwambia bibi wa Murangi kwamba kuku amevaa suruali, na kwamba anakwenda kazini! Neno la kuku nililipata kwa Baba, la suruali nilishika ya Bwire nikaivuta. Bibi aliacha kubangua karanga.

"Nani alimshonea?"

"Sijui, Bibi."

"Na mkia aliupitishia wapi?"

Sikuwa nimeangalia. Kesho yake niliangalia mkia tu, kipindi kizima. Ilipoonyeshwa theluji, ambayo sikuwa na jina lake kwa lugha yoyote, nilimwambia kwao inanyesha mvua ya unga. Akauliza ni wa muhogo au wa mtama. Nilifikiri sana, nikamjibu wa muhogo, kwa weupe wake. Alisikitika kwamba unga wote ule unaangukia barabarani na watu wanaupita. Siku nyingine aliuliza mambo ambayo hayakuwemo kabisa: yule anayelia, mama yake yuko wapi? Wale wanaokimbizana, wameshakula? Nikaanza kutazama huku nikijiuliza maswali ya Bibi, na Kijita kikaniingia bila mimi kukiita. Mwaka ulipogeuka nilikuwa ninaota kwa Kijita.

Bwire alikuwa mjanja. Alinisubiri nimalize, halafu akasema sentensi moja aliyoikariri, kwamba na yeye ameona hivyo hivyo. Bibi alicheka, akasema mume wake ni mtu wa maneno machache kama marehemu, akampitisha. Mimi roho iliniuma, na si kwa wivu. Niliona mdogo wangu anajaza macho yake kila siku bila kutoa chochote.

Nina binti wa miaka minne sasa. Wazazi wenzangu tuna kundi letu la simu, na hakuna wiki inayopita bila mabishano ya mtoto atazame dakika ngapi. Mmoja ana saa ya kengele, mwingine ameficha simu juu ya kabati, mwingine ameshakata tamaa. Sina uso wa kumcheka yeyote. Na mimi, ugali ukiwa jikoni na mtoto akiwa ananing'inia kwenye khanga, nimempa simu ili nipate kupumua. Ulezi ni kazi ngumu, na anayelea hafai kusimangwa. Nasema tu kwamba Baba hakupima dakika. Alijali tukitoka pale tunakwenda kwa nani.

Basi, enzi hizo za sheria ya Baba, macho mekundu yakaingia mtaani. Mnayajua, ule ugonjwa unaopita shule nzima, mtoto anaamka kope zimegandana. Bwire akaamka hivyo. Alilia kwamba haoni, na Mama alikuwa anamwosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mimi nilisimama mlangoni. Nilijua kilichotokea. Ni yale yote ambayo hakuyasimulia.

Mama alipokwenda kutafuta dawa, nilikimbia jikoni nje, nikapiga magoti mbele ya Bibi, nikaanza kusimulia kwa niaba ya Bwire. Nilisimulia kila nilichokikumbuka, kuku, unga, mpira, habari ya bunge, harusi, mamba, bila kuvuta pumzi. Karanga zikamwagika. Bibi akanishika mabega.

"Mke mwenza, kuna nini? Nani anakufukuza?"

"Ni ya Bwire haya, Bibi. Yapokee. Atapofuka kama wewe!"

Akaniuliza polepole, na mimi nikamweleza yote: chenga, macho yake, dawa ya kusimulia. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alinivuta nikakaa kwenye mkeka, akanifuta kamasi kwa pindo la khanga yake.

"Mimi sijawahi kuiona tivii maisha yangu yote," akasema. "Hata hii ya kwenu siijui ikoje. Haya yangu ni uzee. Daktari amemwambia baba yako kwamba huu ukungu unatolewa, mtu anaona tena."

Nikashangaa. "Sasa mbona huendi?"

Alipapasa mkeka, akaanza kuokota karanga moja moja.

"Nikiona," akasema, "ni nani atakuja kukaa hapa?"

Nilikuwa mtoto, lakini lile nililielewa mara moja. Niliona mkeka ule hauna mtu na mimi niko sebuleni na tivii, na nikaona kwamba Bibi naye ameuona, tena ameuona zamani, peke yake, bila macho. Nilimwonea huruma ambayo sikuwa nimewahi kumwonea mtu mzima.

Siri haikai kwa mtoto. Wakati wa chakula, tukiwa tumezunguka sinia la ugali na samaki furu wa kukaanga, niliisema yote. Baba alikuwa ameshamega tonge, likabaki mkononi. Yeye alikuwa amembembeleza mama yake kwa muda mrefu kuhusu hospitali, na Bibi kila mara alijibu kwamba anaogopa kisu.

"Mama," Baba akamwambia kwa Kijita, "ni hilo tu?"

Bibi aliuelekeza uso wake chini. Baba akaanza kuapa kwamba sheria ya tivii haitabadilika, kwamba watoto watasimulia hata akiona mpaka Mwanza. Bibi akatikisa kichwa. Mtu hasimuliwi anachokiona, akasema, hiyo ni kumfanya mjinga.

Mama ndiye aliyezungumza. Mama na Bibi walikuwa wamekaa nyumba moja muda wote ule bila kuongea jambo refu, kwa sababu baina yao kulikuwa na chumvi na bei tu. Aliosha mikono, akanigeukia mimi.

"Mwambie Bibi yako hivi. Mwambie daktari atamtoa ukungu machoni, masikio hatayagusa. Ile tivii haiongeagi Kijita. Inaongeaga Kiswahili na Kiingereza mchana kutwa. Akae mbele yake aone midomo ya watu inacheza, atajua wanasema nini? Si atawaita ninyi? Na mwambie mimi pia nimechoka kuongea na mkwe wangu kwa vidole. Nataka tuangaliane."

Nikageuza maneno yale kwa Kijita, mstari kwa mstari, kwa uangalifu, maana sikuwahi kubebeshwa mzigo mkubwa namna ile. Lile la midomo inayocheza lilimgusa Bibi. Alitabasamu kwanza, halafu akacheka, cheko la tumboni, mpaka Bwire na kope zake zilizogandana akacheka bila kujua ni nini.

"Mwambie mama yako ana akili," Bibi akasema. "Mwambie nitakwenda."

Nilimwambia. Mama aliinuka haraka kwenda kuangalia chai, na alipita upande wenye giza ili tusimwone uso.

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Butiama, na Baba alimpeleka huko. Walilala huko huko. Nyumba ilikuwa kimya isivyo kawaida. Bwire alikuwa ameshapona kwa matone ya dawa, na Mama alituruhusu kutazama tivii kama kawaida. Tulitazama. Kipindi kilipoisha, mimi na Bwire tulikaa tukiangaliana, hatukujua pa kwenda.

Walirudi mchana. Bibi alikuwa na miwani myeusi, na jicho moja tu ndilo lililofunguliwa, jingine liliachwa kwa baadaye. Aliingia bila kushikwa mkono. Alisimama mlangoni akaiangalia nyumba: ukuta, viti, kalenda, Mama aliyekuwa amevaa gauni lake la kanisani siku ya kazi. Waliangaliana. Mama alipiga goti kumsalimia, na Bibi akamwinua, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mzuri. Mzuri sana." Kisha akamwita mume wake. Bwire alizaliwa Bibi akiwa ameshaacha kuona, kwa hiyo hakuwahi kumwona. Alimgeuza mbele na nyuma kama mtu anayechagua mbuzi. Tulikuwa tumemwambia siku zote kwamba mtoto amefanana na Babu. "Wamenidanganya," akasema, "huyu ni wa Bunda mtupu," na Mama, nilipomgeuzia hilo, alicheka mpaka akakaa chini.

Baba naye alikuwa na haraka ya kumwonyesha jambo. Alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, mbele kabisa, akavuta kitambaa, akawasha. Picha ikaja safi. Walikuwa wanaonyesha wanyama, kundi kubwa la nyumbu wanavuka mto, mamba wanasubiri. Sote tulikuwa tunamwangalia Bibi. Alivua miwani. Akainama. Akasogeza uso karibu na kioo, na Mama kwa mara ya kwanza hakumwambia mtu asogee nyuma.

"Ni haka?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Kadogo hivi?"

Baba akasema ndiyo. Bibi alinyoosha kidole akampima nyumbu mmoja kwenye kioo. Alikuwa hafiki ncha ya kucha. Akageuka akaniangalia mimi, mimi niliyemletea ule mto na upana wake wote, na mvua ya unga mji mzima, na kuku mrefu kama mtu. Nikaona aibu, nikidhani ataniona mwongo.

"Zimeni," akasema. "Naumia jicho."

Baba alizima. Bibi hakurudi kwenye kigoda. Aliketi mkekani, akapiga mkeka pembeni yake kwa kiganja, akaniambia, "Mke mwenza, hao nyumbu walivuka? Nieleze."

Nikakaa. Nilikuwa nimesimulia pale mara nyingi mno, nikimtazama nipendavyo, yeye asinione. Sasa nilipofungua mdomo nikakuta jicho lake linaniangalia usoni, halibanduki. Maneno yote ya Kijita yakanikimbia. Niliangalia vidole vyangu vya miguu, nikaona haya mpaka masikio yakawa ya moto. Nyuma yangu nilimsikia Bwire anasogea, anakaa.

Bibi hakunihimiza. Alikuwa na jicho sasa, angeweza kuangalia mlango, au ziwa kule chini, au chochote kile alichokikosa miaka yote. Aliendelea kuniangalia mimi, akasubiri nianze.